Kujaza nafasi za Kiingereza bila kubahatisha: mwongozo kamili wa kusoma na kukamilisha vifungu

Wanaojifunza Kiingereza Unguja na Pemba wana lalamiko moja: "Maneno yote nayajua, lakini nikipewa zoezi la kujaza nafasi napata tatu katika kumi." Mmoja ni kijana wa kidato cha pili anayesubiri mtihani. Mwengine ni dada aliyeomba kazi ya mapokezi katika hoteli ya Nungwi na kupewa karatasi ya majaribio. Wa tatu anatembeza wageni Mji Mkongwe, kuzungumza anazungumza vizuri tu, ila akishika kalamu anakwama.

Wote wanafanya jambo lile lile. Wanaiangalia ile nafasi tupu, wanatafuta neno la Kiswahili linaloingia, kisha wanaligeuza Kiingereza.

Kabla hatujaanza, kamilisha hizi: "Haraka haraka haina ______" na "Mgeni njoo, mwenyeji ______". Umejibu papo hapo na sarufi hukuifikiria. Umejibu kwa sababu kifungu kizima kimo kichwani. Kiingereza nacho hujazwa hivyo hivyo, na hatua zinazofuata ni za kuviingiza vifungu hivyo kichwani kwa kusoma, kisha kujipima.

## Vitu vya kuwa navyo

Daftari moja la kazi hii tu, usilichanganye na la skuli. Penseli na ufutio, maana utaandika na kufuta sana. Karatasi ngumu kidogo uliyoikata vipande vya ukubwa wa kadi. Hata boksi la biskuti linafaa.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza yenye sentensi za mfano. Ya Kiingereza kwa Kiswahili iwepo pia, lakini iwe ya pili. Yenye mfano ndiyo inayokuonesha neno linakaa na nani.

Maandishi mepesi ya Kiingereza, nitayaeleza katika hatua ya kwanza. Na dakika ishirini kila siku. Ukiweza dakika ishirini kwa siku sita, usizibadilishe kwa saa mbili za Jumapili.

Kitabu kinene cha sarufi si lazima kwa sasa.

## Hatua ya 1: Chagua maandishi yaliyo chini kidogo ya uwezo wako

Chukua ukurasa wowote, hesabu maneno 100 ya mwanzo, na uweke alama kwa kila neno usilolijua. Wataalamu wa usomaji wa lugha ya pili wanasema msomaji huelewa vizuri bila msaada anapojua takriban maneno 98 katika 100. Kwa mazoezi yetu, yakiwa mageni mawili au matatu, endelea. Yakizidi matano, weka pembeni, utayarudia baadaye.

Hapa ndipo wengi wanapojiumiza. Mtu anataka kuanza na gazeti la Kiingereza au kijitabu cha historia ya Mji Mkongwe kilichoandikiwa watalii wasomi. Kila mstari anafungua kamusi, na baada ya nusu saa hakumbuki sentensi ilianza vipi. Vifungu haviingii kichwani kwa mwendo huo.

Pa kupata maandishi mepesi papo. Wikipedia ina toleo la Kiingereza chepesi. Tovuti za British Council na BBC zina sehemu za wanaojifunza. Ile ya British Council imepanga masomo yake kwa ngazi, kuanzia A1. Kama huna bando, vitabu vya kusoma vya darasa la chini kuliko lako vinatosha, na aliye mjini anaweza kwenda Maktaba Kuu, Maisara. Usione haya kusoma kitabu cha watoto.

Maandishi ya mitaani nayo yanafaa: maelekezo ya boya la kujiokolea kwenye boti, karatasi ndani ya boksi la dawa, tangazo la kanuni za hoteli. Sentensi zake ni fupi na vifungu vyake hurudiwa kila mahali. "Take one tablet twice a day after meals" peke yake ina vifungu viwili vya kuchukua.

Utajua umefaulu ukimaliza aya mbili na kuweza kumsimulia mwenzio kwa Kiswahili bila kufungua kamusi.

## Hatua ya 2: Soma mara tatu, kila mara kwa kazi yake

Mara ya kwanza weka penseli chini na kamusi ifunge. Tafuta mambo manne tu: nani, wapi, lini, nini kimetokea. Neno usilolijua liruke. Sababu yake ni kwamba nafasi nyingi hujazwa kwa maana ya habari nzima. Asiyejua habari inakwenda wapi hawezi kuchagua kati ya "but" na "because".

Mara ya pili soma kwa sauti, ukikata sentensi pale sauti inapopumzika:

She leaves home / at six / in the morning / and travels / by daladala.

Vipande hivyo ndivyo vifungu. Usisome neno moja moja kama anayehesabu, "She... leaves... home... at...", kwa sababu ukikata "at" na "six" umevunja kifungu kabla hujakimeza.

Mara ya tatu shika penseli. Pigia mstari maneno yanayokwenda pamoja, na chora mshale kutoka kila "he", "she", "it" na "they" hadi kwa mwenyewe. Sisi tuna "yeye" mmoja kwa mume na mke, na viambishi vyetu vinajieleza vyenyewe, kwa hiyo macho yetu hayakuzoea kukagua kama "she" ni Fatma au mama yake. Watungaji wa mitihani wanalijua hilo.

Tahadhari mbili. Ya kwanza ni saa. Ukisoma "at seven in the morning", ni saa moja asubuhi. Karatasi ya boti ikisema "7:00 am" nawe ukasoma saa saba, utafika bandarini boti imeshaondoka zamani. Katika zoezi la ufahamu kosa hilo linaweza kukuharibia maswali mawili kwa mpigo.

Ya pili ni programu ya kutafsiri. Ukiitia aya nzima humo kwanza, umesoma Kiswahili. Itumie mwisho, kukagua kama ulichoelewa ni sawa.

## Hatua ya 3: Vuna vifungu, usivune maneno

Gawa ukurasa wa daftari safu tatu. Kushoto andika kifungu cha Kiingereza, katikati maana ya kifungu chote kwa Kiswahili, kulia sentensi yako inayohusu maisha yako. Sentensi iwe ya kweli: "My brother is good at football" iwe kaka huyo yupo na mpira anaujua. Ya kubuni husahaulika haraka.

Vitano kwa siku vinatosha. Ishirini utaviandika vizuri kwa kalamu ya rangi na hutovirudia.

Uvune vifungu gani? Anza na vile ambavyo Kiswahili chetu kinavitega. Mtego mkubwa kuliko yote ni hili neno letu "kwa". Sisi linatufanyia kazi zote; Kiingereza kimezigawa:

- Nimekuja kwa basi: *by bus*
- Nimekuja kwa miguu: *on foot*
- Nimekata kwa kisu: *with a knife*
- Nimekaa kwa siku mbili: *for two days*
- Nimekwenda kwa daktari: *to the doctor*
- Nimeandika kwa Kiingereza: *in English*

Hakuna kanuni moja itakayokupa zote sita. Anayejaribu kuipata atazunguka mwaka mzima. Kila kimoja kivune kizima.

Mtego wa pili ni ile "-ni" ya mwisho: nyumbani, bandarini, juani, mezani. Kiingereza kitasema "at home", "at the port", "in the sun", "on the table". Hata vyombo vya usafiri vimegawanywa: "on the ferry", "on a bus", lakini "in a car" na "in a taxi".

Mtego wa tatu ni vitenzi. Tunasikiliza redio, tunasubiri boti, tunatafuta kazi, na katikati hapana kitu. Kiingereza kinataka "listen *to* the radio", "wait *for* the ferry", "look *for* a job". Kisha kinageuka: sisi tunajadili kuhusu bei, wao "discuss the price", na ukiongeza "about" umekosea. Tunaingia ndani ya chumba, wao "enter the room" bila "into".

"Azima" nayo ikupe tahadhari. Niazime kalamu na nikuazime kalamu, kwetu kitenzi ni kimoja. Kwao anayechukua ni "borrow", anayetoa ni "lend". Nafasi iliyo baada ya "Can I" na kabla ya "your pen" ni ya "borrow" tu.

Utajua umefaulu ukifunika safu ya kushoto, ukasoma Kiswahili cha katikati, na kifungu kikaja kizima pamoja na kineno chake kidogo. Kikija bila kineno hicho, bado.

## Hatua ya 4: Tengeneza nafasi mwenyewe

Watu husubiri mwalimu awatungie zoezi, na kumbe kulitunga ni nusu ya kujifunza. Nakili aya uliyokwisha kuisoma jana. Ukishanakili, ya asili usiiangalie tena. Toa maneno kwa mpangilio huu:

1. Wiki ya kwanza, toa vihusishi tu: in, on, at, by, for, of, to, from.
2. Wiki ya pili, toa vitenzi na viunganishi: goes, has, but, because.
3. Wiki ya tatu, toa kila neno la saba, liwe lolote.

Katika mpangilio wa tatu acha sentensi ya mwanzo na ya mwisho zikiwa nzima, ili msomaji apate pa kusimama. Na usianzie huo. Kila neno la saba linaweza kuangukia jina la mtu au tarehe, na hilo hakuna anayeweza kulikisia. Lipite, toa linalofuata.

Mkiwa wawili ni bora zaidi: wewe mtungie mwenzio, yeye akutungie wewe. Mtungaji hujifunza kuona maneno yanayoegemeana.

## Hatua ya 5: Jaza kwa kuangalia pande zote mbili

Hii ndiyo hatua yenyewe, na nitaifanya mbele yako. Soma aya hii yote kwanza, bila kujaza:

> Every clove season Fatma goes to her uncle's farm near Wete. She leaves home (1)____ six in the morning and travels (2)____ daladala. In the afternoon she sits with her aunts and separates the buds (3)____ the stems. Her uncle spreads the cloves (4)____ a mat and dries them (5)____ the sun. If it (6)____ to rain, everybody runs out to save the cloves. Fatma is good (7)____ separating the buds, but she is afraid (8)____ climbing the trees. In the evening she is very tired, (9)____ she is happy, because her uncle has (10)____ her some money.

Mpemba yeyote ameshaelewa: msimu wa karafuu, kuchambua makonyo, kuanika kwenye jamvi, mvua ikitishia kila mtu anakimbia. Habari unaijua. Sasa kwa kila nafasi uliza maswali matatu: kushoto kuna nini, kulia kuna nini, na kinachokosekana ni kineno cha sarufi au neno lenye uzito?

1. Kulia kuna saa, "six". Saa huchukua *at*. Usivutwe na "in the morning" iliyo mbele. "In" yake tayari anayo.

2. Kulia kuna chombo kisicho na "a". Chombo kikiwa uchi hivyo, ni *by*. Ingeandikwa "a daladala", "by" isingefaa.

3. Kushoto kuna "separates". Kutenganisha kitu na kitu: *separate something from something*. Kiswahili kinasema "na", ndiyo maana wengi huandika "and" au "with".

4. Jamvi ni bapa, karafuu ziko juu yake: *on*.

5. *In* the sun. Ukiandika "on the sun" karafuu za mjomba zimeanikwa juu ya jua lenyewe.

6. Hapa kuna raha. Sisi tunasema mvua inataka kunyesha, basi mtu anaandika "want". Mvua ya Kiingereza haitaki kitu, inaanza: *starts* au *begins*. Na kushoto kuna "it", kwa hiyo "s" ya mwisho ni lazima. "Start" bila "s" haina alama.

7. *Good at*. Kifungu kizima, hakina maelezo.

8. Kushoto "afraid", kulia "climbing". "Afraid to" ipo, lakini baada yake huja "climb" mtupu. Kwa kuwa kulia kuna "-ing", jibu ni *of*. Angalia jinsi upande wa kulia ulivyoamua; anayesoma hadi kwenye nafasi na kusimama hapo asingejua.

9. Amechoka, amefurahi. Mambo mawili yanayopingana: *but*. "So" ingesema amefurahi kwa sababu amechoka, na sababu imetajwa baadaye, ni fedha.

10. Kushoto kuna "has", basi kitenzi kiwe katika umbo la tatu: *given*. "Paid" nayo inakubalika. "Gave" ndiyo inayoandikwa na wengi, na ni makosa, maana "gave" haikai baada ya "has".

Tazama tena orodha hiyo. Hakuna nafasi iliyotaka neno gumu. Aliyepata tatu katika kumi hakukosa msamiati.

Ukimaliza, soma aya yote kwa sauti pamoja na majibu yako. Ulimi ukijikwaa mahali, rudi hapo kwanza.

## Hatua ya 6: Sahihisha kwa kutafuta sababu

Usiweke alama ya kosa na kuendelea. Pembeni mwa kila kosa andika herufi moja: M kama hukuielewa maana, S kama ni sarufi ya kitenzi, K kama hukukijua kifungu. Baada ya mazoezi kadhaa utaona herufi ipi inakusumbua. Mwenye M nyingi arudi hatua ya kwanza na kusoma maandishi mepesi zaidi. Mwenye K nyingi aongeze kuvuna. Mwenye S nyingi, hapo sasa afungue kitabu cha sarufi, lakini ukurasa anaouhitaji tu.

Ukiwa na shaka juu ya kifungu, kitafute mtandaoni ukiwa umekifunga kwa alama za kunukuu pande zote mbili, ili kitafutwe kikiwa kizima. Lakini soma matokeo, usitazame wingi tu. Mfano: kwa Kiswahili mtu ameolewa *na* fulani, na wengi huandika "married with". Ukiitafuta utaikuta imejaa tele, ukadhani uko sawa. Soma kinachofuata: "married with two children", yaani yupo katika ndoa na ana watoto wawili. Anayetaja mume au mke huandika "married *to*".

## Hatua ya 7: Durusu

Andika kila kifungu kwenye kadi: mbele sentensi yenye nafasi, nyuma jibu. Kesho yake zipitie, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Ukikosa kadi, inarudi mwanzo wa safari. Ni kama mwanachuo anavyodurusu juzuu: hapewi aya mpya mpaka ya jana ameisoma kwa ghibu.

Usiandike neno moja kwenye kadi. Kadi yenye "afraid" na nyuma yake "kuogopa" haitakusaidia lolote katika nafasi ya nane.

Utajua umefaulu ukijaza nane katika kumi kwenye aya ambayo hujawahi kuiona, ya ngazi ile ile, na kwa kila jibu ukaweza kuonesha neno la kushoto au la kulia lililokuongoza. Nane za kubahatisha hazihesabiki. Hapo panda ngazi moja ya maandishi.

## Ukikwama

"Naelewa nikisoma, nikijaza nakosea." Unasoma haraka mno ile mara ya tatu. Vineno vidogo havina maana ya kukusimamisha, kwa hiyo jicho linaviruka. Kwa wiki moja, vizungushie duara vyote katika kila aya unayosoma.

"Kuna majibu mawili yanayoingia." Mara nyingi ni kweli, kama "starts" na "begins". Kama ni zoezi la kuchagua, jibu ni moja, basi tafuta kinachomkataa mmojawao: "-ing", "s", "a" au "an", wingi. Kumbuka "an" inafuata sauti, haifuati herufi: "an hour", lakini "a university".

"Muda hautoshi kwenye mtihani." Usijaze kwa mpangilio. Soma yote, jaza zile unazozijua kama "Haraka haraka haina", kisha rudi. Kila uliyoijaza inaifungua ya jirani. Iliyobaki mwisho usiiache tupu kama makosa hayapunguzi alama. Amua kwanza ni kihusishi, kitenzi au kiunganishi, halafu andika.

"Sina wa kunisahihisha." Tumia aya uliyoinakili mwenyewe, majibu yamo kwenye ile ya asili. Jibu lako likitofautiana nayo, liangalie kwenye kamusi yenye mifano kabla ya kulikata.